Bata Mzinga wa Nyama: Chagua Wazazi Kabla ya Kisu

Kila Desemba jambo lilelile hutokea katika mabanda ya bata mzinga, kuanzia Arusha hadi Kiambu. Mnunuzi huja, hupitisha macho, humnyooshea kidole dume mkubwa kuliko wote, na mfugaji, akiwa na ada za Januari kichwani, humuuza. Kesho yake anaondoka anayemfuata kwa ukubwa. Sikukuu zikipita, waliobaki ni wale waliokosa mteja: dume mwembamba mwenye mguu uliopinda kidogo, na majike wawili watatu waliochelewa kukua. Hao ndio wazazi wa kundi la mwaka unaofuata. Miaka mitano ya kuuza hivyo huporomosha uzito wa kundi zima, na mfugaji huanza kulaumu chakula au kutafuta mbegu mpya mjini, ilhali mbegu bora aliizalisha mwenyewe na kuiuza.

Kwa hiyo naanza na jambo ambalo kwa kawaida huachwa mwishoni: kuchagua wazazi. Chakula, banda na chanjo vina nafasi yake, na nitavifikia. Lakini uzito wa mwili na umbo la kidari ni mambo ambayo ndege hurithi kwa kiasi kikubwa, tofauti na idadi ya mayai au kiwango cha kutotoa, ambavyo hutegemea zaidi matunzo. Mfugaji wa nyama ana bahati hapo. Anachokitafuta kinaonekana kwa macho, kinapimika kwa mzani, na kinarithiwa.

Ndege tunayemzungumzia

Bata mzinga, au piru kama anavyoitwa sehemu za Pwani, alifugwa kwanza Meksiko yapata miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na kutoka huko akasambaa duniani. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walitengeneza aina nyingi zenye rangi na majina yao: Bronze mwenye manyoya ya shaba, Narragansett, Bourbon Red aliyetokea Kentucky, Black, na Slate wa kijivu. Baadaye, katikati ya karne ya 20, akaja ndege mweupe wa viwandani mwenye kidari kipana. Dume wake hufikia karibu kilo 18 kwa wiki 20 tu, lakini kidari hicho kimemnyima uwezo wa kumpanda jike, hivyo uzazi wake hufanywa na watu kwa kupandikiza mbegu. Aina za zamani zilikaribia kutoweka. Mwaka 1997 shirika la Marekani linalohifadhi mifugo ya asili, ambalo sasa linaitwa The Livestock Conservancy, lilihesabu ndege wa kuzalisha takriban 1,300 tu wa aina zote hizo nchini humo. Wafugaji wachache, kama Frank Reese wa Lindsborg, Kansas, ndio waliowashikilia hadi soko likawarudia.

Shirika hilo limeweka masharti matatu kwa ndege anayestahili kuitwa wa asili. Apandane mwenyewe bila msaada wa mtu. Aishi muda mrefu akiwa nje, jike akizaa kwa miaka 5 hadi 7 na dume kwa miaka 3 hadi 5. Na akue polepole, afikie uzito wa soko akiwa na wiki 28 hivi, ili mifupa na moyo vikomae kabla ya nyama kujaa.

Sasa mtazame ndege aliye uani kwako, awe wa shaba, mweusi, wa kijivu au mweupe wa kienyeji. Anapanda mwenyewe, anaatamia mwenyewe, analea, anatafuta wadudu na majani, na kukicha ukimkosa bandani utamkuta juu ya mwembe. Masharti mawili ya mwanzo ameshayatimiza. Kinachomkosesha thamani ni umbo na uzito, na hivyo vyote hurekebishwa kwa uteuzi. Ndiyo maana simshauri mfugaji mdogo kukimbilia vifaranga weupe wa kiwandani. Watakupa nyama mara moja, kisha utarudi kununua wengine, kila mwaka, kwa bei ya muuzaji.

Mkono kwenye kidari

Uteuzi hufanyika mara tatu. Mara ya kwanza ni wiki ya 8. Hapo hutafuti walio bora. Unawaondoa wenye kasoro: vidole vilivyopinda, mdomo uliokwenda upande, mgongo uliojikunja, miguu inayogusana magotini. Hao walishwe na kuuzwa kwa nyama, ila wasizae kamwe, hata kama rangi yao inapendeza.

Mara ya pili ni wiki ya 16. Pima kila ndege na uandike. Mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki, unatosha. Mfunge ndege miguu, mtulize, soma haraka. Mtambulishe kila mmoja kwa pete ya mguuni au kipande cha waya laini chenye rangi. Umri huu mwili bado ni mifupa zaidi ya nyama, kwa hiyo unatazama fremu: mabega mapana, mgongo mrefu, miguu minene iliyoachana. Kijana mwenye fremu nyembamba hatakuja kubeba nyama nyingi hata ukimlisha debe zima la mahindi.

Mara ya tatu, ambayo ndiyo ya uamuzi, ni wiki ya 28. Pima tena. Kisha mpakate ndege, weka kiganja chini ya kidari na uusikilize kwa vidole mfupa wa katikati. Uwe umenyooka na mrefu, ukienda nyuma kuelekea miguuni. Nyama ijae pande zote mbili za mfupa, na kiganja kihisi upana. Ukishika mfupa unaochoma kama makali ya panga, huyo si mzazi. Mwachie atembee: mgongo uwe na mteremko mdogo kutoka mabegani kwenda mkiani, hatua ziwe thabiti, asiyumbe wala kuburuza mguu. Ndege mwenye kidari kikubwa kinachomfanya aegemee mbele usimchague pia, maana hiyo ndiyo njia iliyompeleka yule wa kiwandani kwenye kushindwa kupanda.

Kwa kulinganisha, viwango vya Marekani vinataka Bronze kijana wa kiume awe na kilo 11 na kidogo akiwa hai, na wa kike kilo 7 na kidogo. Bourbon Red na Black ni wepesi kidogo, dume kijana kilo 10 na nusu hivi, jike zaidi ya kilo 6. Usikate tamaa ndege wako wakiwa chini ya hapo. Shindana na wastani wa kundi lako la mwaka jana. Andika wastani huo ukutani kwa chaki.

Idadi ya kubakisha ndiyo inayouma. Kati ya madume vijana 20, baki na 3. Kati ya majike 20, baki na 8 au 10. Dume mmoja huwa baba wa mamia ya vifaranga kwa mwaka, hivyo ukali wa uteuzi uelekezwe kwake zaidi kuliko kwa jike. Tabia nayo ihesabiwe. Dume anayerukia watoto wa nyumbani au kumpiga mwenzake hadi kumuua atakuletea wana wenye hulka hiyo, mtoe mapema.

Na usichague wazazi kutoka kwa jike mmoja tu aliyetotoa vizuri. Hilo linatuleta kwenye maradhi ya makundi yetu ya vijijini, yaani kuzaliana kindugu. Mtu ameanza na dume mmoja na majike wawili miaka sita iliyopita, hajaleta damu nyingine, na sasa mayai yanaharibika, vifaranga ni dhaifu, na ukuaji umedumaa. Dawa yake si lazima iwe kununua dume mpya kila mwaka. Gawa kundi katika nyumba tatu, kila moja na majike yake watatu au wanne na dume wake, na alama yake ya rangi: nyekundu, buluu, njano. Vifaranga wote huchukua rangi ya mama yao. Ukifika wakati wa kubadilisha, mabinti hubaki katika nyumba ya mama zao, na madume vijana huhama: aliyezaliwa nyekundu huenda buluu, wa buluu huenda njano, wa njano huenda nyekundu. Huelekea upande huohuo kila mwaka, bila kurudi nyuma. Mpango huu mdogo hulifanya kundi la ndege kumi na watano liendelee miaka mingi kabla ya kuhitaji damu ya nje. Kama huna nafasi ya nyumba tatu, ungana na majirani wawili; kila mmoja awe nyumba moja, na mbadilishane madume.

Angalizo moja katika kubadilisha. Jike wa bata mzinga huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu kuliko kuku, hata kufikia wiki 10. Ukimwondoa dume leo na kumleta mwingine kesho, mayai ya wiki kadhaa zijazo yanaweza bado kuwa ya yule wa kwanza. Badilisha madume wakati majike hawatagi, au usubiri kabla ya kuandika nani ni baba wa nani.

Kupanda, kutaga, kuatamia

Jike huanza kutaga akiwa na miezi 7 au 8, lakini mayai yake ya mwanzo ni madogo. Mimi huona ni busara mayai ya kwanza yaliwe, na yale ya kutotolesha yachukuliwe baada ya wiki chache. Dume mmoja kwa majike 5 au 6 ni uwiano salama. Wakizidi sana, mayai yasiyo na mbegu huongezeka. Kucha na kipi za dume huchana migongo ya majike, na jeraha likishapata nzi unaweza kumpoteza jike mzuri. Punguza ncha za kucha na kipi kwa tupa kabla ya msimu.

Kiota kiwe chini, gizani kidogo, kwenye kona, chenye upana wa nusu mita na nyasi kavu. Ndege huyu hupenda kujificha. Usipompa kiota atataga kichakani na nyoka au nguchiro watayala mayai. Okota mayai kila siku, bakiza la bandia ili asihame. Yahifadhi mahali pa baridi penye kivuli, ncha nyembamba ikielekea chini, na yasikae zaidi ya siku 7 hadi 10, kwa sababu kila siku inayoongezeka hupunguza uwezo wa kutotolewa.

Jike akishakaa kiotani bila kutoka, mrudishie mayai 12 hadi 15 kwa pamoja, usiku, ili yatotolewe siku moja. Kabla ya hapo mkague utitiri chini ya mbawa na mnyunyizie dawa ya unga, na nyasi za kiota zibadilishwe. Jike aliyejaa utitiri huacha mayai katikati ya safari. Mwekee maji na chakula karibu. Wengine huatamia hadi wakakonda vibaya. Siku ni 28. Ukitumia mashine, joto la nyuzi 37.5 lenye feni, unyevu wa asilimia 55 hadi 60, kugeuza mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 25, kisha acha kugeuza na pandisha unyevu hadi karibu asilimia 70.

Pima mayai kwa tochi gizani baada ya siku 10. Lililo angavu halina kitu. Hapa kuna ajabu moja inayomhusu ndege huyu: mwanzoni mwa miaka ya 1950, kituo cha utafiti cha Beltsville, Marekani, kilionyesha kwamba mayai ya bata mzinga ambayo hayakupata mbegu yanaweza kuanza kujenga kiinitete yenyewe. Viinitete vingi vya namna hiyo hufa mapema. Kwa hiyo ukiona yai limeanza kukua kisha likafa siku za mwanzo, usimhukumu dume kwa yai hilo moja tu. Angalia jumla ya mayai.

Wiki ya kwanza ndiyo inayoua

Kifaranga wa bata mzinga huanguliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayomtosha siku mbili tatu. Akiba ikiisha kabla hajajifunza kula, atakufa siku ya nne, ya tano au ya sita, mbele ya sahani iliyojaa. Wafugaji wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia dawa. Ni njaa.

Chovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji ya uvuguvugu siku ya kwanza. Weka gololi za kung'aa ndani ya chombo cha maji. Vifaranga hudonoa kinachometameta, na kwa kudonoa hunywa. Gololi pia huzuia wasizame, na chombo kiwe cha kina kifupi. Chakula kitawanywe kwenye trei za mayai za karatasi ngumu, si kwenye gazeti laini, kwa sababu utelezi hupanua miguu na kifaranga hubaki kilema. Juu ya chakula nyunyiza yai lililochemshwa na kusagwa, na mchicha uliokatwakatwa kama tumbaku. Rangi ya kijani na njano huwavuta. Wako wanaoweka vifaranga viwili vya kuku wa mashine kama walimu. Njia hiyo inafanya kazi, mradi vifaranga hivyo havijawahi kugusa ardhi ya banda la kuku, na viondolewe baada ya wiki moja.

Joto la bruda lianze nyuzi 35, kisha lishuke karibu nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni huku midomo wazi wanaona joto, wakisambaa na kulala kwa utulivu wako sawa. Anayetumia jiko la mkaa aache nafasi ya hewa kutoka juu, maana moshi usioonekana huua kimya. Tandika maranda makavu. Na mvua isiwaguse hadi wamevaa manyoya, kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kifaranga aliyelowa jioni moja ya masika ni nadra kumwona asubuhi.

Mlo, na chakula cha kuku kinachoua

Kifaranga wa bata mzinga anahitaji protini asilimia 28 katika wiki 4 za kwanza, 26 hadi wiki ya 8, kisha 22 hadi wiki ya 12, na kuendelea kushuka taratibu hadi 16 au chini ya hapo akikaribia kuchinjwa. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kina kama asilimia 22. Ndege wa asili hukua polepole na hahitaji kubanwa hadi kiwango cha juu, lakini 22 ni kidogo mno kwa mwezi wa kwanza. Kilo 85 za chakula hicho zikichanganywa na kilo 15 za unga wa dagaa mzuri hufikia karibu asilimia 27. Dagaa awe msafi, asiye na mchanga wala chumvi; chumvi nyingi huwadhuru vifaranga hawa haraka kuliko wa kuku. Dagaa huyo umwondoe kwenye mlo angalau wiki 4 kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka samaki na mteja hatarudi.

Wanahitaji pia vitamini ya niasini zaidi ya kuku, na mahindi hayawapi ya kutosha. Upungufu wake unaonekana magotini: yanavimba, miguu inapinda. Unga wa chachu, maini na dagaa husaidia, na duka la dawa za mifugo lina vitamini za maji zenye niasini.

Sasa onyo kubwa kuliko yote katika mlo. Vyakula vingi vya kuku vya viwandani huwekewa dawa ya kuzuia kuhara damu. Mbili kati ya dawa hizo, salinomisini na narasini, ni salama kwa kuku lakini ni sumu kwa bata mzinga. Ndege hupooza miguu, hulala kifudifudi, hufa. Soma lebo ya mfuko. Kama haina maelezo, muulize muuzaji. Na asipojua, usinunue. Omba chakula kisicho na dawa, au chenye amproliamu, ambayo bata mzinga anaivumilia.

Hatari ya pili ni sumukuvu. Ndege huyu ndiye aliyeifichua duniani. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, hadi wanasayansi walipofuatilia chakula chao na kukuta mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota ukungu. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Bata mzinga bado ni miongoni mwa mifugo inayoathirika haraka zaidi nayo. Mahindi yenye ukungu, pumba zilizolowa ghalani, mashudu yenye harufu ya uvundo, vyote visiingie bandani hata kama ni vya bure. Watu hufikiri kwamba yasiyofaa ugali yanafaa ndege. Kwa bata mzinga ni kinyume kabisa.

Kuanzia wiki ya 8, nyasi fupi, wadudu, majani ya lusina, mlonge na sukuma wiki hupunguza mzigo wa mfuko wa chakula. Uzio uwe wa mita moja na nusu au zaidi. Ukiona wanaruka, punguza manyoya ya bawa moja tu. Bandani wape fito za kulalia, na mita moja ya mraba kwa kila ndege wawili wakubwa.

Usiwachanganye na kuku

Najua kwamba katika nyumba nyingi kuku na bata mzinga hula sahani moja. Ni desturi inayowagharimu watu ndege wengi. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo mpofu, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu kiitwacho Histomonas. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili. Bata mzinga akimeza mayai hayo, au akila nyungunyungu aliyeyabeba, kijidudu hushambulia utumbo na ini. Wafugaji huuita ugonjwa huu kichwa cheusi, ingawa kichwa si lazima kibadilike rangi. Dalili ya kuaminika ni kinyesi cha manjano ya salfa, mbawa zilizolegea na ndege anayesimama peke yake. Wengi wanaougua hufa, hasa vijana wa wiki 6 hadi 14. Dawa za zamani zilizoutibu zimepigwa marufuku kwa mifugo wa kuliwa katika nchi nyingi.

Kwa hiyo kinga ni kutenganisha. Banda lao, eneo lao la malisho, na viatu vya kuingilia viwe vyao. Wasilishwe mahali ambapo kuku walikuwa wakizunguka, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo hudumu ardhini kwa miaka. Wape dawa ya minyoo kwa ratiba utakayopewa na daktari wa mifugo, na wahamishe kwenye nyasi mpya mara kwa mara. Mwenye uwanja mdogo, achague: kuku au bata mzinga. Huo ndio ushauri wangu, japo najua hautapendwa.

Mdondo, au kideri, huwapata pia. Chanjo ya matone ya jicho ya I-2, inayostahimili joto, inapatikana hadi vijijini; irudiwe kila baada ya miezi 3 au kama lebo inavyosema. Ndui nayo ina chanjo, na maeneo yenye mbu wengi yasiikose.

Kalenda ya Krismasi

Anayelenga soko la Desemba ahesabu kurudi nyuma. Ili umchinje ndege wa wiki 28 tarehe 20 Desemba, aanguliwe karibu tarehe 7 Juni. Mayai basi yawekwe karibu tarehe 10 Mei, na yakusanywe wiki ya kwanza ya Mei. Hilo lina maana kwamba majike wawe wanataga masika, wakati banda linalovuja ni adui. Vifaranga nao wataingia Juni na Julai, miezi ya baridi Njombe, Limuru na Kinangop. Huko ongeza mkaa kwenye bajeti, au totolesha mwezi mmoja mapema. Mwambao hauna shida hiyo. Kuwahi ni bora kuliko kuchelewa, kwa kuwa ndege wa asili wa wiki 24 ana fremu lakini hajavaa nyama, na mteja akishika kidari atalijua hilo.

Wiki 4 za mwisho ongeza mahindi yaliyopondwa ili wapate mafuta chini ya ngozi. Ng'oa manyoya machache pembeni ya kidari: ngozi ya rangi ya maziwa imeshapata mafuta; yenye wekundu wa zambarau bado. Angalia pia vinyoya vichanga. Vikiwa vingi, ngozi itajaa madoa meusi ya mizizi ya manyoya. Subiri wiki mbili.

Usiku wa kuamkia kuchinja wasile, ila wanywe maji. Kama una wateja Waislamu, achinje Mwislamu kwa utaratibu wake, na umwambie mteja wazi. Maji ya kunyonyolea yawe nyuzi 60 hivi. Yanayochemka huivisha ngozi na kuichana. Pooza nyama mara moja kwenye maji ya barafu, kisha ikae kwenye friji siku nzima kabla ya kupikwa. Ndege wa miezi 7 ana misuli iliyofanya kazi, na nyama yake ikipikwa saa mbili baada ya kuchinjwa huwa ngumu, ndipo watu husema bata mzinga wa kienyeji hafai. Anafaa, tena kwa ladha anamzidi mweupe wa kiwandani, ila anataka moto wa taratibu na muda.

Dume wa kilo 10 hai hutoa nyama ya karibu kilo 7 na nusu. Hesabu hiyo uijue kabla mnunuzi hajafika, na umuuzie kwa kilo. Bei ya kukadiria kwa macho hulipia manyoya yaliyotunishwa, na mfugaji aliyetumia miezi 7 kujenga kidari hupewa sawa na aliyefuga mifupa. Tundika mzani mlangoni mwa banda, mpime ndege mbele ya mteja, na wale wenye pete za uzazi wafungie chumba kingine siku hiyo.